Siku Niliyomvua Mtani Kofia ya Baba

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilikuwa na daftari lenye jalada la buluu, ambamo niliandika maneno ya fasihi na ya jukwaa kama profesa alivyoyataja. Upande wa kushoto neno lenyewe kwa Kifaransa, upande wa kulia maana yake, na chini mfano. Mifano ya profesa yote ilitoka kwa wafalme na malkia wa zamani sana. Mimi sikuamini kitu mpaka nikione kinafanya kazi, basi kila Jumapili mchana nilirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Kenya mjini Élisabethville, nikayajaribu maneno yale kwa wazazi wangu.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Behewa liliwahi kumponda vidole vya mguu wa kulia, na tangu hapo mguu wa kushoto ulitangulia kila mahali, kana kwamba wenyewe ulikuwa na haraka na mwenzake anauchelewesha. Kila alipotaka kusema jambo alianza na "Sikia vizuri," hata kama jambo lenyewe lilikuwa kuomba maji. Jumapili alikaa kwenye kiti chake cha mbao uani, na mama alikaa kwenye mkeka akichambua sombe, majani ya muhogo.

Siku moja niliwasomea neno la mchezaji anayesema kitu pembeni: watazamaji wanakisikia, lakini mwenzake aliyesimama naye palepale jukwaani hakisikii.

"Sikia vizuri," baba akasema. "Ile njo kazi yangu ya kila siku. Chef, ule mukubwa wetu wa kazi, anafika: 'Weye, umelala?' Mi najibu: 'Non, chef.' Halafu nageukia gurudumu, naiambia: 'Mama yake njo amelala.' Gurudumu inasikia. Yeye hasikie."

"Siku moja ile gurudumu itamuambia," mama akasema.

"Gurudumu iko mutu muzuri. Haina kinywa."

Nikawasomea kinaya: mtu anasema hili na maana yake ni kinyume chake. Mama hakufikiri hata kidogo. "Kama vile baba yako analalamikaka mboga iko na chumvi mingi, kisha anarudilia mara tatu."

"Ile haiko kinaya," baba akasema. "Ile ni njaa."

Nilipowaeleza kuhusu kundi la waimbaji katika michezo ya Wagiriki, wale wanaosimama kando na kusema juu ya yote yanayotokea, mama alicheka hadi majani yakamwanguka mapajani. "Wale ni bamama ya bomba! Banajua yote, banasema yote, na habazuie kitu." Niliandika hivyo hivyo katika daftari, wanawake wa bomba la maji, chini ya neno la Kigiriki. Profesa alipokagua alichora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Nilikuwa kijana wa kuuliza. Niliuliza kwa nini Mungu wa katekisimu anasikia Kilatini upesi kuliko Kiswahili. Niliuliza kwa nini sisi wanafunzi weusi wachache tulisifiwa kwa kila jambo, hata kwa kula na uma. Padri wa parokia yetu alinikwepa. Lakini alama ile nyekundu sikuiuliza kitu. Niliufuta mfano wa mama nikaandika ule wa profesa.

Mtu wa tatu wa Jumapili zile alikuwa mtani wa baba.

Kwetu, upande wa Pweto, kila ukoo una ukoo wa kutaniana nao. Sisi ni watu wa Udongo, yeye alikuwa wa Mvua. Mtani hana adabu kwako, nawe huna adabu kwake, na ruhusa hiyo ni ya mababu. Hakuna chifu wala padri awezaye kuifuta. Mnatukanana mbele za watu. Anachukua cha kwako bila kuomba. Na mmoja akifa, mwingine ndiye humzika. Baba na mtani wake walikuja Élisabethville vijana, juu ya lori moja, wamekalia magunia ya samaki wakavu. Baba aliingia reli. Mwenzake aliingia jikoni kwa Wazungu, akawa mpishi hodari, mtu mfupi wa tumbo kubwa na mikono safi kuliko ya daktari.

Kila Jumapili alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani. "Udongo! Bado haujapasuka? Nimeleta jembe bure?"

"Mvua ya bure!" baba alijibu bila kuinuka. "Unanyeshea bazungu supu, huku kwetu unaleta radi tu."

"Bila siye nyinyi ni vumbi. Upepo ungeshawapeleka mpaka Mokambo." Kisha alimsukuma baba kitini, akakaa yeye, akachukua kipande kikubwa cha samaki katika sahani. "Muke wangu, huyu mukimbizi anafanya nini kwa nyumba yangu?"

"Bwana gani ananuka vitunguu?" mama alijibu, na kumwongezea bukari, ugali wetu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani wanachukiana. Baadaye niliwaona wakifanya kitu kile kile kwenye vilio vya wengine, nikaelewa kwamba matusi yale yote yalikuwa mazoezi ya siku moja. Mtu wetu akifa, kabla jeneza halijafungwa, mtani wake huvaa nguo za marehemu. Hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, hudai chakula, hugombana na wakwe. Watu hucheka huku machozi yanawatoka. Kisha mjane huinuka na kuzungumza naye kama anazungumza na mumewe. Atakalosema mjane limefika, na atakalojibu mtani ni jibu la marehemu mwenyewe. Hakuna awezaye kulipinga. Baada ya hapo mtani huvua zile nguo, jeneza hufungwa, na udongo ukishamwagwa jambo lile halifanywi tena.

Baba alianza kukohoa wakati wa baridi, ule mwezi ambapo moshi wa kiwanda cha shaba unalala chini juu ya mabati. Mama alimwambia apumzike. Hakusikia. Kila alfajiri alikohoa, akavaa bwelasuti yake ya buluu na kofia, akaenda. Asubuhi moja nilikuwa nyumbani, nafunga vitabu vyangu kwenye baiskeli, nikawasikia wakigombana mlangoni. Mama alikuwa amemshika mkono. Baba akajitoa, akamwambia aache kumfanya mtoto. Mama akawaka.

"Basi enda! Enda ufie kule kule!"

Baba alicheka, akaweka kofia sawa, akaondoka na mguu wa kushoto mbele.

Kabla ya saa sita alianguka kando ya behewa. Alilala hospitalini siku tatu bila kufungua macho. Mama alikaa nje chini ya ukuta, kwa sababu saa za wageni zilikuwa chache na muuguzi alikuwa mkali, na kila alipoingia alimkuta mtu asiyesikia. Alimwita. Alimsemesha sikioni. Sijui kama lilifika lolote. Siku ya tatu mama alipewa nguo za marehemu zimefungwa kwa kamba.

Na mimi nilifanya nini siku zile tatu? Nilifungua daftari, chini ya kinaya, nikaandika: mke anamwambia mumewe aende akafe, bila kujua. Ulikuwa mfano bora kuliko wa profesa. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mwili ulipofika nyumbani mama hakulia. Alikaa mkekani, hakula wala hakunywa, na alisema jambo moja tu, kwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba: "Mutani wake eko wapi? Mumuite."

Sote tulijua alikuwa na neno la kulirudisha. Mtaa mzima ulijua. Wanawake wa bomba walikuwa wamelisikia asubuhi ile.

Lakini mimi nilikuwa na mpango mwingine. Nilikuwa mwana wa kwanza, nilivaa tai, na nilikuwa nimemwalika profesa pamoja na wanafunzi wenzangu wawili Wazungu. Profesa alikuwa ametufundisha kwamba katika tanzia, mchezo wa huzuni wa jukwaani, kicheko hakiingii. Kuchanganya kilio na mzaha ni dalili ya ladha ambayo haijakomaa. Hata kifo chenyewe hakionyeshwi, alisema. Kinatokea nyuma ya pazia, na mjumbe anakuja kukisimulia kwa maneno ya heshima. Nilikuwa nimewaona Wazungu wakipunguza mwendo wa magari yao ili watazame vilio vyetu na kucheka. Nilitaka siku hiyo wasipate cha kuchekea. Nilipanga nyimbo na katekista, nikaazima viti, nikawaomba shangazi na wenzake wasipige vigelegele. Nilitaka baba yangu azikwe kama mtu wa tanzia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jeneza lilikuwa uani juu ya mabenchi mawili, halijafungwa. Profesa alikaa kwenye kiti cha mbao cha baba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa imara. Katekista alikuwa anatafuta ukurasa. Ndipo tuliposikia kikohozi kutoka barabarani.

Kilikuwa kikohozi cha baba. Kifupi, kifupi, halafu kirefu chenye mkwaruzo mwishoni. Wanawake wote waligeuka mara moja.

Mtani aliingia akiwa amevaa bwelasuti ya buluu ya baba, bila shaka shangazi alikuwa amempelekea, mikono imekunjwa mara tatu kwa sababu ilimzidi urefu. Kofia ya baba ilikuwa kichwani. Mguu wa kushoto ulikuja mbele, wa kulia ukafuata kwa shingo upande. Mtu mfupi yule mwenye tumbo, na bado nilimwona baba.

"Sikia vizuri! Sikia vizuri! Nani alikufa hapa? Bantu mingi vile, na hakuna hata munkoyo ya kunywa?"

Mwanamke mmoja alicheka, akajifunika mdomo. Mwingine akamfuata.

"Nani huyu anakalia kiti yangu?" Alikuwa amesimama mbele ya profesa, kichwa kimeinama upande. "Chef, umelala?"

Watu wa reli waliokuwa nyuma wakalipuka. Mzee mmoja wa karakana alilazimika kushika ukuta. Profesa alitabasamu kama mtu anayetabasamu asipoelewa, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya upole, huyu ni nani na ana nini.

Nilihisi masikio yangu yanawaka.

"Muke wangu eko wapi?" mtani aliendelea. Alichovya kidole hewani, akakilamba, akakunja uso. "Leo tena chumvi! Unataka kuniua mara ya pili?"

Mama aliinua kichwa. Kwa siku zile zote uso wake ulikuwa umefungwa, na sasa niliuona unafunguka, kwanza macho, halafu mdomo. Alicheka kidogo, kicheko kilichovunjika katikati. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mkeka ili ainuke.

"Bwana," akasema. "Bwana yangu, ile neno nilisema..."

Nilipiga hatua tatu. Nilimvua mtani kofia. Kisha nikamwambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini na ya baridi ambayo sikuwa nimejifunza nyumbani: inatosha, heshima kidogo, toka nje.

Kicheko kilikatika. "Eh!" shangazi akasema. "Huyu mutoto anafanya nini?"

Mtani alinitazama. Nilingoja anitukane, na nadhani kila mtu alingoja. Badala yake mikono yake iliteremka ikanyooka kando ya mapaja.

"Oui, monsieur," akasema, kama anavyomjibu tajiri wake.

Alifungua vifungo. Aliivua bwelasuti, akaikunja mara nne kwa ustadi, kama mtu akunjavyo kitambaa cha meza, akaiweka mwisho wa benchi. Alitoka kwenda barabarani na fulana yake na suruali kuukuu, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mama alikuwa bado ameweka viganja mkekani. Alivitazama kidogo, akavirudisha mapajani. Jeneza lilifungwa. Tuliimba. Makaburini hakuna aliyeruka ndani ya shimo kudai kofia wala tumbaku, kama wafanyavyo watani. Wachimbaji walifanya kazi yao kimya. Profesa alinishika mkono kwa muda mrefu, akaniambia ibada ilikuwa na hadhi kubwa.

Na mimi nilifurahi. Siwezi kuandika haya nikaacha hilo. Niliporudi kutoka makaburini nilifurahi.

Mama alirudi kupika, kufua, kuteka maji. Mtu asiyemjua angesema amepona. Lakini aliacha kugombana. Maji yakimwagika, hasemi. Nikichelewa, hasemi. Alisema kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani, na kila sentensi aliimaliza mapema. Majirani waliokuja kumchekesha waliacha kuja.

Shangazi ndiye aliyenikabili. Alinikuta nikisoma uani akasimama mbele ya mwanga wangu.

"Ulimufungia mama yako mulango."

Nikaanza kujitetea kama nilivyofundishwa, kwa hoja. Nilimuuliza mdomo wa mpishi unawezaje kupeleka neno kwa maiti. Njia yake ni ipi? Nani amethibitisha? Kama mtani angekuwa mgonjwa siku ile, marehemu angekuwa bubu?

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kitabu changu kwa kidevu. "Na bale bafalme yako ya mu buku, si balishakufa? Banasema na kinywa ya nani?"

Nilisema ni jambo tofauti. Akaondoka akicheka, na halikuwa cheko zuri.

Miezi michache baadaye profesa alitusomea neno jipya. Ni neno refu la Kigiriki, na maana yake ni kumpa sauti mtu asiyekuwapo au aliyekufa, asimame na kusema kama yu hai. Niliandika. Kisha, kwa kuwa dakika zilibaki, aliweka chaki chini akatusimulia juu ya mazishi ya wakubwa wa Roma. Katika msafara, alisema, alitembea mchekeshaji aliyevaa kinyago chenye sura ya marehemu, akaiga mwendo wake, sauti yake na hata dosari zake. Watu walicheka nyuma ya jeneza. Profesa alipendezwa sana na jambo hilo. Alisema ni taifa lililokomaa tu linaloweza kufanya hivyo. Wenzangu waliandika. Kalamu yangu haikusogea.

Nilitaka kumuuliza, mimi niulizaye kila kitu. Nilitaka kumuuliza kama anakumbuka mtu mfupi aliyemwita chef. Sikuuliza, kwa sababu aibu yangu ilikuwa imeshachukua njia nyingine. Shangazi alikuwa ameniambia jambo hili hili uani kwetu, kwa maneno machache na bora zaidi, na sikumsikia. Mama alikuwa ameniambia kwa viganja vyake viwili. Nilielewa siku niliposikia kwamba Warumi nao walifanya. Hata majuto yangu yalihitaji kibali cha Roma.

Sikumaliza masomo ya siku ile. Nilipanda baiskeli mpaka mtaa wa Wazungu, nikapita kichochoro cha nyuma ambako watumishi hupita, nikamkuta mtani mbele ya chumba chake nyuma ya nyumba ya tajiri wake, akimenya viazi. Aliponiona alisimama na kufuta mikono.

"Monsieur."

"Baba, usiniite vile."

"Nikuite je?"

Mtani wa baba yangu ni mtani wangu pia. Alipaswa kuniita vumbi, chungu kilichopasuka, chochote. Nilijaribu kumfungulia njia. "Mvua ya bure," nikasema. Alitabasamu kwa adabu na kunisogezea kigoda, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kofi.

Tulikaa. Alichukua kisu tena. Nikamuuliza kile kilichonisumbua: kwa nini alitii? Ruhusa ilikuwa yake. Hata padri hana uwezo wa kumzuia mtani.

"Nilipashwa kukupiga kofi," akasema bila hasira. "Mbele ya bantu bote. Nikupige kofi, nirudishe kofia, niendelee. Ile njo ilikuwa haki yangu. Baba yako angenipigia makofi toka mu sanduku."

"Sasa kwa nini?"

Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. Ganda lilitoka utepe mmoja.

"Ulisema Kifaransa. Na ile sauti. Ungenitukana na Kiswahili, ningekujibu. Lakini ile sauti, mikono yangu inaisikiaka mbele ya masikio. Miaka yote hii. Mbele ya kufikiri, ilishakunja nguo." Aliinua mikono ile safi akaitazama kama ya mtu mwingine. "Nililia mu njia. Haikuwa bado kulilia baba yako. Nililia hii mikono."

Nilimwomba aje nyumbani. Nilimwambia bwelasuti bado ipo, kofia ipo, mama yupo, kwamba mimi nitatoka, nitakwenda mbali, hata nisisikie. Alikuwa anatikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Balishamufunika. Nikisema leo na sauti yake, haitakuwa yeye. Itakuwa mupishi mwenye kuiba sauti ya muntu. Mama yako atajua."

"Labda hatajua."

"Atajua," akasema. "Na weye ungejua, kama hukusoma."

Hata hivyo alikuja, Jumapili iliyofuata, mchana. Sikusikia kelele barabarani. Nilisikia mlango unabishwa. Katika maisha yangu yote mtani hakuwahi kubisha mlango wetu. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia yake mwenyewe mkononi.

"Jambo, mama," akasema. "Habari ya batoto?"

"Muzuri, bwana," mama akajibu. "Karibu, ukae."

Alimpa kigoda, naye akakaa pembeni, magoti pamoja. Alimletea maji kwa mikono miwili. Waliulizana juu ya afya, juu ya watu wa Pweto, juu ya bei ya samaki. Kila jibu lilikuwa sahihi. Kiti cha mbao kilikuwa palepale kitupu, na hakukisukuma wala kukitazama. Nilikuwa nimeegemea ukuta, natamani mmoja wao aseme upuuzi wowote.

Mama ndiye aliyeacha adabu, lakini si kwa utani.

"Nilimuambia aende afe," akasema. "Unajua."

"Najua, mama."

"Unaweza kunijibia?"

Mtani alizungusha kofia vidoleni. Nilimwona anavuta pumzi, na kwa kitambo nilidhani kikohozi kinakuja. Kifua chake kilijaa. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akaiachia pumzi yote.

"Balishamufunika."

Mama aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa nayo. "Nilijua. Niliuliza tu."

Nilisogea nikapiga magoti kwenye mkeka. Nilimwambia baba alicheka asubuhi ile, kwamba niliona kwa macho yangu, kwamba alijua ni hasira ya upendo, kwamba hakuna mtu anayeondoka akicheka kama amechukulia neno kwa uzito. Nilisema mengi na yote yalikuwa ya kweli. Mama aliniwekea mkono kichwani, akangoja nimalize.

"Weye njo mutoto yake," akasema. "Haiko kazi yako kumujibia."

Mtani aliomba ruhusa ya kuondoka. Mama alifunga kitenge vizuri akamsindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni, hatua mbili kati yao. Mimi nilibaki mlangoni. Nilimsikia mtani akisema, "Mama, naenda." Hapa kwetu anayebaki humjibu anayeondoka kwa maneno mawili, enda muzuri, nayo hutoka yenyewe bila kufikiriwa. Niliona mdomo wa mama ukifunguka kwa lile enda la asubuhi ile. Ulikaa wazi kidogo, halafu ukafungwa, na mtani alisubiri pale kofia mkononi mpaka alipoelewa, akageuka, akaenda.